Chuo Kilichofika kwa Behewa

Nsemulwa, Mpanda
22 Machi 1998

Dada yangu Ngolo,

Mwangaluka. Nimeanza kwa salamu ya kwetu Usukumani kwa sababu Kiswahili changu, unavyokijua, kikishapewa nafasi huanza kutafuta jukwaa, nami leo nataka kuzungumza nawe nikiwa nimekaa chini. Mimi ni mzima. Malaria ya Desemba ilinilaza siku nne, ikaona sina muda nayo, ikaondoka. Sasa nipe habari zenu. Shemeji Enoka kifua chake kimepoa? Watoto wanalalaje na mvua hizi? Huku Mpanda tumesikia kwamba barabara ya Karema imekatika mahali patatu na kwamba lori la mwisho kufika kwenu lilivutwa kwa kamba. Mungu awashike mkono nyie nyote mpaka ardhi ikauke.

Barua yako ya tarehe kumi Januari nilikabidhiwa katikati ya Februari na yule mama muuza migebuka, samaki wa ziwani, wa soko la Kashaulili, ambaye aliitunza ndani ya tenga lake mwezi mzima akisubiri njia. Niliisoma nimesimama ndani ya ghala la mizigo la stesheni, katikati ya marobota ya tumbaku, na makarani wenzangu wakasema siku hiyo ofisi nzima ilinukia ziwa. Uliniuliza jambo moja, tena kwa upole wako ule unaouma: hiki chuo cha barua ninachosoma tangu mwaka 1994 kinafanyaje kazi hasa, na shahada inayopitia posta ina uzito gani mbele ya shahada ya watu waliokaa darasani. Ukaongeza kwamba walimu wenzako hapo shuleni wanasema siku hizi kila kitu ni huria, soko huria, bei huria, na sasa hata digrii huria, mtu anachagua rangi aitakayo anaondoka nayo.

Nimecheka, dada, kisha nikaisoma tena, kwa sababu swali lako lilinikuta nikiwa na jibu ambalo si la kucheka. Mwezi Juni mwaka huu ndio ulikuwa mwezi wangu wa mtihani wa mwisho. Nimesema ulikuwa. Habari hiyo ya Juni inakuhusu wewe kuliko unavyodhani, nami nitaifikia. Lakini huwezi kuielewa kabla hujakielewa chuo chenyewe. Nivumilie.

Chuo hiki hufika kwa behewa. Treni ya Tabora ikiingia, mimi karani wa mizigo ndiye ninayehesabu mifuko ya posta inaposhushwa, na mara mbili kwa mwaka, ndani ya mfuko mmojawapo, mna furushi la karatasi ya kaki lenye jina langu. Siruhusiwi kuligusa mpaka liende posta, ligongwe mhuri, kisha lirudi kwangu kwa njia halali. Mara ya kwanza nilitembea nyuma ya mkokoteni kutoka stesheni hadi posta kama mfiwa anayefuata jeneza, ila mimi nilikuwa natabasamu, na watu wa Kashaulili wakaulizana huyu kijana wa Mzee Methusela amepatwa na nini tena.

Ndani ya furushi mna vijitabu. Usidhani ni vitabu kama vile tulivyozoea, vinavyokuhutubia kutoka juu ya mlima. Mwandishi wake ameandika kana kwamba mmekaa naye kwenye vigoda viwili: anaeleza, anasimama, anakuuliza, anakuachia mistari mitupu ujibu, kisha anakuonya usifunue ukurasa wa majibu kabla hujajaribu. Nani atakuzuia usifunue? Hakuna. Mwaka wa kwanza nilifunua. Mwaka wa pili niliona kwamba ninayemdanganya ni mimi mwenyewe, nikaacha, na nikajivuna kwamba nimekuwa mtu mzima.

Kisha kuna mazoezi. Kila somo lina mawili, unayaandika kwa mkono wako na kuyapeleka posta kabla ya tarehe iliyowekwa. Mkufunzi, ambaye yuko mbali na hajawahi kukuona, anayasoma kwa kalamu nyekundu na kuyarudisha. Mara mbili kwa mwaka tunaitwa Tabora kwa kikao cha ana kwa ana, wiki nzima ya kuuliza yote yaliyotukwama kooni. Na mwisho wa mwaka wa masomo tunarudi hapo hapo kwa mtihani, kila mtu na kitambulisho chenye picha. Hakuna kengele, hakuna bweni, hakuna mlinzi. Kuna tarehe tu. Asiyeleta zoezi la kwanza kwa tarehe yake, nafasi yake ya masomo hufutwa, na huanza upya kuomba. Shika hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Sasa nikuulize nami, nawe uwaulize hao walimu wenzako: ni chuo gani kingine katika nchi hii kinachomfuata mwanafunzi? Vyuo tulivyovijua vimekaa vimekunja mikono, vinangoja mtoto wa Mpanda ashushwe treni akiwa amevimba miguu, akifika vinamwambia foleni iko kule. Hiki kimemkuta nesi akiwa zamu. Kimemkuta karani juu ya magunia. Kimemkuta mtu aliyekwisha kutolewa nje na kuambiwa elimu ya juu si ya watu wa aina yake. Ikiwa huo ndio uhuria, basi mimi ni mfuasi wake, na nitausimamia juu ya kiti mpaka kiti kivunjike.

Baba alipokuja kutoka Majimoto mwaka juzi kuuza madume mawili ya ng'ombe, nilimweleza haya yote kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama hicho chuo kina ukuta. Nikasema hakina. Akauliza kama kina lango. Nikasema hakina. Akasema basi ni vizuri, maana safari hii hawatapata pa kukutolea.

Unajua alikuwa anasema nini. Mwaka 1993, nilipofukuzwa chuo kikuu kule Dar es Salaam kwa kuongoza mgomo, ni wewe uliyenipokea stesheni hapa. Ulishika mkono mmoja wa sanduku la bati, mimi mwingine, tukatembea mpaka Nsemulwa bila neno. Ningependa ungenigombeza. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima ya kujitetea, yenye vifungu saba, na hukunipa hata nafasi ya kusema kifungu cha kwanza.

Nirudi kwa mkufunzi wangu, kwa sababu bila yeye hakuna barua hii. Anafundisha somo la lugha na elimu, na kwenye karatasi zake husaini kwa kifupi, E. Mwanisenga. Zoezi langu la kwanza kwake lilikuwa la kurasa sita. Mimi niliandika ishirini na mbili. Nililaani ukoloni, nikalaani ubeberu, nikalaani na wizara kidogo, nikafunga kwa maneno ambayo sisi wa vipeperushi tulifungia kila kitu: mapambano yanaendelea. Liliporudi, kurasa zote ishirini na mbili zilikuwa safi, hakuna alama nyekundu hata moja, ila chini kabisa mstari mmoja uliosema kwamba kelele amezisikia, sasa anaomba kuona hoja. Dada, mimi nimepigwa mabomu ya machozi na sikulia. Siku ile nilikaa juu ya robota la tumbaku nikaona macho yananiwasha.

Kwa miaka miwili nilibishana naye kwa barua, nikimwita Bwana Mkufunzi. Vikao vya mwanzo vya Tabora somo lake lilishikwa na mwingine; zamu yake ilipofika, niliingia darasani nikimtafuta mzee mrefu mwenye upara, kwa sababu ndivyo sauti yake ilivyokuwa kichwani mwangu. Palikuwa na mama mmoja mfupi wa makamo anafuta ubao. Nikamwomba kwa adabu anioneshe Bwana Mwanisenga. Akanikabidhi kifutio, akasema Bwana Mwanisenga anaitwa Emerensiana, na kwamba mimi bila shaka ni Luhende wa Mpanda, kwa kuwa nimeingia mlangoni kama aya zangu, bila kusimama popote. Darasa zima lilicheka, nami nikafuta ubao. Tangu siku hiyo nilijifunza kuweka nukta.

Huku Mpanda tuko watatu. Kuna Specioza, nesi wa hospitali ya wilaya, anayesoma akiwa na kijitabu ndani ya faili la wagonjwa. Kuna na Séverin, mwalimu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mrundi aliyekuja nchini akiwa mtoto wa mgongoni. Tunakutana Jumamosi katika mgahawa wa chai pale Kashaulili, meza ya nyuma. Mwaka jana, kikao cha Tabora kiliposogezwa kutoka Septemba hadi Novemba bila sisi kuulizwa, niliitisha mkutano wa dharura. Nilisimama. Niliwakumbusha ile kaulimbiu niliyoiandika kwa rangi nyekundu kwenye shuka la bweni mwaka 1993: hakuna uamuzi juu yetu bila sisi. Nikapendekeza mgomo.

Specioza aliniacha nimalize, akakoroga chai yake, akataka kujua tutagomea nini. Alisema hatuna kantini ya kususia, hatuna lango la kufunga, na kama dawa ni kukaa nyumbani bila kufungua kitabu, hilo yeye amelifanya wiki tatu zilizopita kwa sababu ya kipindupindu na hakuna aliyetetemeka. Akasema labda mende watashtuka. Séverin naye, ambaye huongea kama mtu anayelipia kila neno, alisema kwamba yeye ili atoke Katumba kuja kunywa chai hii anahitaji kibali chenye mhuri, na ili aende Tabora anahitaji kingine. Lakini kijitabu kinamfikia bila kibali, na katika maisha yake yote hicho ndicho kitu cha kwanza kumfuata yeye badala ya yeye kukifuata. Aliniomba, kwa jina la urafiki, nisikigomee kitu hicho. Nikakaa. Specioza akaniita Komredi Mwenyekiti wa Meza, na jina hilo limenishika mpaka leo. Hata muuza chai analitumia.

Nimekuandikia haya yote kwa furaha, na furaha ni ya kweli, lakini naona nimeifikia habari niliyokuwa naizungukia kama ng'ombe anayeogopa maji ya mto. Keti, dada. Kama uko na shemeji, endelea kusoma kimya kimya kwanza.

Mwaka jana, mwezi Agosti, nilijaza fomu ya chuo kwa jina lako.

Nilikuwa nazo karatasi zote. Cheti chako cha kidato cha sita kiko kwangu tangu ulipokileta kukiepusha na mchwa wa Karema. Zile picha ndogo ulizopiga Kashaulili ulipokuja kutibiwa zilikuwa nne, ukachukua mbili. Saini yako ninayo chini ya barua kumi na tisa. Niliijaribu kwenye karatasi ya mizigo mpaka nikaipata, nikaitia kwenye fomu, nikaipeleka posta, na nikarudi kazini nikipiga mluzi.

Nitakwambia nilichokuwa nakiwaza, si ili unisamehe bali ili ujue. Mwaka 1986 barua ya kukubaliwa chuo kikuu ilikuja na jina lako. Mama alikuwa kitandani, mimi na wadogo zetu tulikuwa hatujui hata kupika ugali usio na mabuje, na baba akasema kwamba hawezi kuwapoteza wanawake wawili wa nyumba moja kwa mwaka mmoja. Ukaikunja ile barua. Ukaenda kusomea ualimu wa shule ya msingi, jirani, ili uwe unarudi. Miaka mitano baadaye ilipokuja yenye jina langu, ni wewe uliyenifungia sanduku. Mimi nikaenda mahali pako, nikapanda juu ya kiti, nikapiga kelele, nikatolewa nje. Nilipoteza nafasi mbili kwa mdomo mmoja. Tangu siku ile ya sanduku stesheni nimekuwa nikitafuta namna ya kukurudishia, na chuo hiki kilipokuja kwa behewa nikasema ndiyo hii.

Ungeniuliza kwa nini sikukuandikia nikuulize. Ningeweza kusingizia mvua, lakini mwezi Agosti barabara ya Karema ilikuwa vumbi tupu na malori yalipita kila wiki. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa ungesema hapana. Hiyo ndiyo sababu yote, na ukiigeuza pande zote huikuti na upande mzuri.

Furushi lako lilifika mwisho wa Novemba. Nilisoma jina lako juu ya kaki, Ngolo Methusela, na namba ya usajili, na nikafurahi kuliko nilipopata la kwangu. Kisha nikaona tarehe. Zoezi la kwanza lilitakiwa tarehe thelathini na moja Desemba. Mvua zilikuwa zimeanza, reli yenyewe ilikuwa imekatika na kuungwa, na njia ya kwenu ilikuwa imefungwa. Kama zoezi lisingekwenda, nafasi yako ingefutwa kabla hata hujajua kwamba unayo. Basi nikakaa na homa yangu nikaliandika mimi. Niliulaza mwandiko upande wa kushoto ili usifanane na wangu. Swali lilikuwa hili: eleza, kwa mifano, jinsi lugha ya nyumbani inavyomsaidia au kumzuia mtoto anayeanza darasa la kwanza. Niliandika kurasa kumi na mbili. Nilijiona nimeandika vizuri sana.

Nawe umeshakisia nani anasahihisha somo hilo.

Wiki ile ile niliyopata barua yako ya migebuka, nilipata bahasha kutoka Tabora. Ndani mlikuwa na karatasi mbili zimebanwa kwa pini moja: zoezi langu na zoezi lako. Kwenye ukurasa wa mwisho wa kila moja palikuwa na duara jekundu, na ndani ya kila duara maneno yale yale mawili ambayo mkono wangu, hata ukiwa umelazwa kushoto, hata ukiwa na homa, huyaandika wenyewe unapofika mwisho: mapambano yanaendelea. Hakuna alama iliyotolewa. Palikuwa na kikaratasi kidogo. Mkufunzi alisema kwamba fomu ya Ngolo inamtaja kuwa ni mwalimu wa darasa la kwanza mwenye miaka kumi kazini, lakini katika kurasa kumi na mbili hamna mtoto hata mmoja. Mwalimu wa kweli, alisema, angeshindwa kuwazuia wasiingie. Akamaliza kwamba Luhende anamfahamu tayari, na angependa sasa kumfahamu Ngolo.

Nilikaa na kikaratasi hicho siku mbili. Nilianza kutunga utetezi; nilifika kifungu cha nne, nikaona nimetumia jina lako mara kumi na moja, na kila mara nilikuwa nasema wewe ungetaka hivi, wewe ungeona vile. Ndipo ile kaulimbiu yangu ya shuka iliponirudia, na safari hii ilikuwa inanielekea mimi. Wale wakubwa niliowapigia kelele kule Dar es Salaam walikuwa wanapanga maisha yetu wakiwa wamejifungia chumbani, wakisema ni kwa faida yetu. Mimi nimejifungia chumba cha Nsemulwa nikapanga maisha ya dada yangu, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mama wa watoto watatu, mwalimu, nikasema ni kwa faida yake. Nilikuibia jina, Ngolo. Nililivaa, nikalizungumzia, na sikujua hata wanafunzi wako wanaitwa nani.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja. Nilimwambia mkufunzi kwamba fomu niliijaza mimi, saini niliighushi mimi, zoezi niliandika mimi, na kwamba wewe hujui lolote. Séverin na Specioza niliwaeleza Jumamosi iliyofuata. Specioza hakunitania. Alisema tu kwamba angekuwa yeye ndiye dada, angekuja Mpanda kwa miguu, barabara iwepo isiwepo, anizabe kofi kisha aombe maji. Séverin alinisindikiza posta.

Majibu yamekuja Alhamisi. Nimekaa nayo siku tatu ili nikuandikie nikiwa na akili. Kamati ya chuo imeufuta mtihani wangu wa Juni. Nimesimamishwa mwaka mmoja, sitapokea furushi, sitaingia kikao. Nikitaka, nitarudi 1999 na kufanya mtihani huo wakati huo. Nilijipima kama nina hasira, dada, nikaona sina. Mwaka 1993 niliadhibiwa kwa jambo nililoliamini. Mwaka huu nimeadhibiwa kwa jambo nililolifanya kweli, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sina la kugomea.

Lakini sikukuandikia barua ya matanga. Geuza ukurasa, maana hapa ndipo moyo wangu unaponishinda nguvu.

Zoezi lile limefutwa, na ile saini imefutwa. Ila kamati imeandika kwamba mwombaji mwenyewe hana kosa, vyeti vyake ni vya kweli na alama zake za kidato cha sita ni za juu kuliko za wengi waliopokelewa, na kwa hiyo nafasi ya Ngolo Methusela itabaki wazi hadi tarehe thelathini Mei. Akiitaka, athibitishe kwa saini yake mwenyewe na alete zoezi la kwanza alilojibu mwenyewe. Asipoitaka, arudishe fomu bila kusaini. Hawataki maelezo yangu. Chini, kwa kalamu nyekundu, mkufunzi ameandika kwamba miezi hii yote anasubiri kusoma habari za watoto wa Karema.

Nami nasubiri, dada, ila sina haki ya kusema. Najua unawajua. Najua yupo mtoto anayesema Kibende nyumbani na Kifipa kwa bibi, akifika kwako anakutana na Kiswahili mlangoni kama mbwa mkali, nawe unajua siku gani aliacha kukiogopa na kwa sababu ya neno lipi. Mimi sikulijua neno hilo hata moja. Niliweka ubeberu mahali pake.

Ndani ya bahasha hii nimeweka vitu vinne: fomu ya kuthibitisha, karatasi yenye swali, kijitabu cha kwanza, na bahasha nyingine ambayo nimekwisha kuibandika stempu. Vijitabu vilivyobaki viko kwangu, vimefungwa, sijavifunua tena. Cheti chako na ile picha iliyobaki anavyo mama wa migebuka katika mfuko wa nailoni, kwa kuwa hivyo ni vyako na havipaswi kukaa mikononi mwangu. Yeye anaondoka kesho na lori la kwanza kujaribu barabara.

Ukikasirika, kasirika yote. Usinibakizie nusu kwa huruma. Ukiona umechoka, una watoto, una darasa la wanafunzi tisini, na hutaki mtu akuongezee mzigo uliokwisha kuutua miaka kumi na miwili iliyopita, rudisha fomu tupu, nami sitatamka neno mpaka kaburini. Ukiona unaitaka, basi usiitake kwa ajili yangu. Usinipe shukrani, maana sikukupa kitu, ilikuwa yako.

Nisalimie shemeji Enoka, umwambie nitamwandikia barua yake peke yake nikishapata uso. Nisalimie watoto, nisalimie na mwalimu mkuu wenu. Baba alituma salamu kwa dereva wa trekta. Anasema nyasi za Majimoto zimepanda mpaka masikio ya ndama, na kwamba anasubiri kuwaona nyie nyote jua likirudi. Mimi naendelea na kazi ya mizigo. Mungu akipenda tutaonana kiangazi.

Jibu lako, lolote lile, usinitumie mimi kwanza. Anwani ya mkufunzi nimeshaiandika juu ya ile bahasha yenye stempu. Mwandiko wa nje ni wangu, nisamehe kwa huo wa mwisho. Wa ndani uwe wako.

Ni mimi mdogo wako,

Luhende Methusela